Picha ya Ghorofa Haitoshi Kubomolea Nyumba

Dalali alinionyesha simu kabla ya kunionyesha mlango. Tulikuwa Old Kampala, mbele ya mojawapo ya zile nyumba za Wahindi wa zamani: duka na baraza chini, vyumba vya kulala juu, madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha hewa, na kileleni, karibu na paa, mwaka wa ujenzi uliofinyangwa kwa saruji, ambao rangi zilizopakwa moja juu ya nyingine zimeumeza nusu. Nilikuwa nimemsindikiza rafiki aliyekuwa akitafuta stoo ya kupanga. Dalali hakuwa na haja na stoo.

"Ssebo," akaniambia, kwa ile heshima ya Kiganda ambayo mjini hapa haimtoki mtu mdomoni hata akizungumza Kiswahili, "usiangalie hii. Hii ni takataka. Angalia hii."

Kwenye simu palikuwa na jengo la vioo la ghorofa nane. Chini yake walipita watu weupe wenye mifuko ya manunuzi, kando ya miti ambayo sijapata kuiona ikiota Kampala. Barabara haikuwa na bodaboda hata moja.

Nikamuuliza nani anajenga. Mwekezaji. Pesa ziko wapi? Zinakuja. Na hii nyumba inabomolewa lini?

"Hiyo hata kesho."

Majibu hayo matatu ndiyo sera ya majengo ya mji huu, iwe imeandikwa au la. Kinachobomolewa kipo, unakigusa, unalala ndani yake, unakifungulia duka asubuhi. Kinachokuja ni picha. Na tumefika mahali ambapo picha ina nguvu kuliko ukuta, na anayeutetea ukuta huitwa adui wa maendeleo.

Hoja yao naijua. Nimeisikia kwenye teksi, redioni, hata kwenye matanga. Jengo kuukuu katikati ya mji, wanasema, ni kama mtu aliyelalia gunia la pesa huku watoto wake wana njaa. Ardhi ya Kampala ni ghali mno kuachiwa nyumba ya ghorofa moja. Tena hiyo nyumba si yetu. Aliijenga mkoloni au Mhindi, na hatuna deni nao. Mwenye hati aachwe afanye atakalo. Na wanaopiga kelele ni Wazungu wa ubalozini na wasomi wawili watatu wasio na kibanda chochote sokoni Kikuubo.

Wanaosema hivyo si wajinga, na wengi wao si watu wabaya. Wana mikopo na watoto shuleni. Lakini wamekosea, na kosa lao linaanzia pale pale wanapojidai kuwa mabingwa: kwenye hesabu.

Mwaka 2006 shule ya Shimoni, katikati ya mji, ilivunjwa. Tuliambiwa kwamba Mkutano wa Wakuu wa Jumuiya ya Madola ungefanyika Kampala Novemba 2007, wageni walihitaji mahali pa kulala, na hoteli ya hadhi ya juu ingesimama pale. Wanafunzi wakahamishwa, mabati yakazungushwa. Mkutano ulifika, Malkia Elizabeth akaja, akalala kwingine, akaondoka. Hoteli haikuwapo. Uwanja ukakaa miaka na mabati yake, katika ardhi ile ile tuliyoambiwa ni ghali mno kuachiwa watoto wa shule. Leo pale kuna Kingdom Kampala, maduka na ofisi, na haikujengwa na yule aliyeahidi hoteli. Miaka yote ile ya katikati, ile ardhi ghali ilimzalishia nani, na nini?

Anayesema Shimoni ilikuwa ajali aende Nakawa na Naguru. Pale palikuwa na nyumba za wafanyakazi tangu enzi za ukoloni. Julai 2011 matingatinga yaliingia, familia zikatolewa na magodoro yao, kwa sababu mji mpya wa kisasa ulikuwa unakuja. Picha yake ilikuwepo, tena nzuri. Mji haukuja. Miaka ikapita, nyasi zikaota kwenye misingi ya nyumba za watu, kisha ardhi ikaanza kugawiwa vipande kwa waombaji wengine, mpaka Bunge likalazimika kuunda kamati ya kuuliza nani kapewa nini na kwa utaratibu gani. Waliobomolewa walikuwa watu wenye vyumba, vyoo na majirani, na wote walitolewa mhanga kwa karatasi.

Sisemi kila mwekezaji ni mwongo. Wengine hujenga, na kujenga vizuri. Ninachosema ni kwamba mji huu una uzoefu wa kutosha kujua kwamba kubomoa na kujenga ni matukio mawili, na la kwanza halileti la pili. Kubomoa ni kazi ya siku moja, kijiko kimoja na dereva aliyelipwa. Wahenga wa pwani walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi hapa tunauchoma mbacha kabla hata msala haujaonekana njiani.

Sasa nije Kitante, kwa sababu huko ndiko picha ilikaribia kushinda kabisa.

Mwaka 2011 serikali ilikuwa na mpango wa kuliondoa jengo la Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, kwenye Kira Road, ili pajengwe mnara wa ghorofa 60 wa kituo cha biashara cha Afrika Mashariki. Ghorofa 60! Makumbusho yenyewe yangetafutiwa nafasi ndani ya mnara, kama shangazi mzee anayehamishiwa chumba cha uani. Wakati ule ulionekana wa ajabu ukisema hapana. Magazeti yaliandika kwa mshangao, na niliowajua mimi wengi walisema, "Kwani kuna nini mle ndani? Ngoma na mifupa." Wanaharakati wa urithi wakakataa, wakaenda mahakamani, wakaitwa majina. Mnara haukujengwa. Makumbusho yapo.

Jengo lile lilibuniwa na Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954. May alikuwa msanifu Mjerumani aliyejipatia jina kwa kujenga mitaa ya wafanyakazi Frankfurt, akaenda Urusi ya Kisovieti, halafu Hitler alipokuwa ameshika hatamu nyumbani akahamia Tanganyika na kulima. Vita vilipozuka Waingereza walimweka kizuizini kama raia wa adui. Baadaye wakamwajiri, na ndiye aliyechora mpango wa kuitanua Kampala kuelekea Kololo na Naguru. Naam, Naguru hiyo hiyo. Ingia makumbusho mchana wa jua kali uone alivyofanya: mwanga unaingia kutoka juu karibu na paa, hewa inapita yenyewe, na huusikii mtambo wa baridi ukinguruma. Minara yetu ya vioo hugeuka tanuri umeme ukikatika nusu saa. Nani basi wa kisasa hapo?

"Lakini ni jengo la mkoloni." Haya, tuliangalie hilo, maana ndilo linalowapigisha watu makofi.

Makumbusho hayo yalianza mwaka 1908 katika boma la Lugard, afisa wa Kiingereza, pale Old Kampala. Waganda waliyaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi na mizimu, kwa sababu waliona vitu vyao vitakatifu vinapelekwa mle na havirudi. Ni jina la dharau na woga pamoja, na walikuwa na haki ya vyote viwili. Sasa tazama makumbusho yalivyobadilika tabia. Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yalirudishwa kutoka Cambridge yalikokuwa yamepelekwa zama za wamisionari. Yakapokelewa kwenye makumbusho. Juni 2024 Cambridge hiyo hiyo ikaleta vitu 39, kwa mkopo wa miaka mitatu. Neno "mkopo" hapo linaudhi, na tutagombana nalo siku nyingine. Lakini vilipofika vilihitaji mlango wa kuingilia. Afrika nzima inadai vitu vyake kutoka Ulaya, na jibu la kiburi tunalopewa kila mara ni kwamba hatuna mahali pa kuviweka. Mpango wa 2011 ungewapa jibu hilo likiwa limepigwa muhuri wetu wenyewe.

Jengo, basi, halibaki la aliyelijenga. Linakuwa la waliolitumia, wakaliogopa, wakalipigania. Kama asili ndiyo inayohukumu, tuanze na lugha hii ninayoiandikia. Kiswahili kilifika Buganda katika miaka ya 1840 na misafara ya Waarabu na watu wa pwani, pamoja na vitambaa, bunduki na biashara ya watumwa. Baadaye kikawa lugha ya askari, ya vizuizi vya barabarani, ya kofi. Wapo wazee Kampala ambao mpaka leo ukiwasalimia kwa Kiswahili wanashika mfuko. Hata hivyo Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi, na sikusikia mtu akidai kibomolewe kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa watumwa. Tumekichukua, tumekiosha, tunakitumia. Lugha tumeiruhusu hivyo. Matofali yamekosa nini?

Wanaobomoa wana jibu lao: boma la Lugard. Lugard alifika mwishoni mwa 1890, akapiga kambi kwenye kilima ambacho ndicho asili ya jina la mji wetu, kilima cha swala, na kutoka hapo akaleta utawala wa Mwingereza kwa bunduki ya Maxim. Idi Amin aliwapa Waislamu eneo hilo mwaka 1972 wajenge msikiti, kazi ikasimama alipoanguka, na Walibya wakaja kumalizia zaidi ya miongo miwili baadaye. Msikiti ni fahari ya mji. Nimepanda mnara wake na nikaiona Kampala yote chini yangu. Boma la asili lilipisha ujenzi, na penye eneo la msikiti pamejengwa mfano wake. Hapo wapinzani wangu hunicheka: je, unamlilia Lugard?

Simlilii. Ninachohuzunikia ni kithibiti. Ukutani pale ndipo kesi dhidi ya ukoloni wa nchi hii ilipoanzia, na kithibiti hakichomwi kwa sababu mshtakiwa alikuwa mtu mbaya. Mfano hauthibitishi kitu. Mtoto wa shule anayeletwa pale anaonyeshwa ukuta wa jana anaambiwa ni wa 1890, na akiwa na akili atauliza. Msikiti na ukuta vingeweza kukaa pamoja, kilima ni kikubwa.

Ngumu zaidi kwangu, nakiri, ni sinema ya Norman. Hapa hakuna mkoloni wa kumpiga wala serikali ya kulaumu kirahisi. Norman Godinho, Mgoa, mfanyabiashara, alijenga jumba la sinema pale Kampala Road inapoelekea Bombo Road. Kisha Amin akawapa Waasia siku 90 mwaka 1972. Miaka ya 1980, mji ukiwa umechakazwa na vita, kanisa la Kipentekoste likaingia mle, na kanisa hilo ndilo leo Watoto Church. Waliingia katika ukumbi wenye sakafu ya mteremko na jukwaa mbele, wakaweka mimbari palipokuwa na pazia la filamu. Watu wameokoka mle ndani, wameoana, wameagwa mle. Kama kuna mfano bora wa jengo kuukuu kupewa maisha mapya bila kuvunjwa, Kampala hatuna unaouzidi huu.

Halafu kanisa likataka kuubomoa ukumbi na kujenga ghorofa kubwa. Sababu zake zinaeleweka: waumini wamekuwa wengi. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda, lililotumia miaka kuorodhesha na kuchora ramani ya majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, likapinga, na wengi wakalishangaa: shirika la utamaduni linapambana na nyumba ya Mungu juu ya ukumbi wa filamu?

Mimi niko upande wa shirika. Uso wa Norman barabarani hauhitaji kufa ili ibada iishi. Wasanifu wa dunia nzima wanajua kuacha sehemu ya mbele na ukumbi, wakajenga nyuma, juu au pembeni. Inagharimu fikra zaidi na pengine fedha zaidi, na hapo ndipo mwenye mali anapouliza kwa nini yeye alipe kumbukumbu za watu wengine.

Swali hilo ni la haki, tena upande wangu umezoea kulikwepa. Hati ya ardhi humpa mtu mengi, ila hata leo haimpi yote. Tuna Sheria ya Mipango ya 2010, tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Huwezi kufungua kiwanda cha mbao Kololo kwa sababu tu ploti ni yako. Tangu 2023 tuna pia Sheria ya Makumbusho na Mambo ya Kale, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Kwa hiyo mipaka kwa mwenye hati si kitu kipya. Lakini mipaka bila msaada ni udhalimu. Ukimwambia mjane wa Old Kampala kwamba nyumba yake ni urithi wa taifa kisha ukamtumia bili ile ile ya kodi ya majengo anayolipa jirani mwenye arkedi ya ghorofa sita, umemwambia kwa adabu aivunje. Mamlaka ya jiji, KCCA, impunguzie. Impe fundi wa kumshauri. Wapenda urithi wanaojaza semina za hoteli wanunue bati moja moja la paa lake.

Maana kuna kubomoa kwa kijiko na kuna kubomoa kwa kungoja. Unguja wanajua. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe unaolindwa na UNESCO tangu 2000, na hakuna mtu aliyesaini livunjwe. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Lilikuwa limeanza kutoa dalili miaka kadhaa kabla. Kuandika jengo kwenye orodha na kuliacha livuje ni unafiki.

Hoja ya usalama nayo isichezewe. Nyumba iliyooza kweli, mhandisi akathibitisha, ivunjwe, na mimi nitasaidia kubeba vyombo. Ila nisiambiwe kwamba ukuukuu ndio hatari ya mji huu. Jengo lililoporomoka Kisenyi Septemba 2022 na kuua watu lilikuwa bado linajengwa.

Na wasiniambie kwamba hatuwezi. Moto ulipoteketeza jengo kuu la Makerere, lililojengwa 1941, usiku mmoja wa Septemba 2020, hakuna aliyesema hapo pana nafasi nzuri ya kujenga kitu cha vioo. Serikali ilitoa fedha, jengo likarudi na sura yake, na 2024 likafunguliwa. Makaburi ya Kasubi yaliungua Machi 2010, watu wakalia barabarani, kisha mafundi wa koo husika wakaezeka nyasi tena kwa taratibu zao, kazi ya miaka. 2023 UNESCO ikayatoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Fedha zilipatikana, ufundi ulipatikana, kwa sababu tuliamua kwamba vile ni vyetu. Mjadala wote huu ni juu ya ukubwa wa neno "vyetu": linaishia Mengo na Makerere, au linafika mpaka kwenye baraza la Mgoa na duka la Mgujarati ambamo bibi yako alinunua kitenge chake cha kwanza?

Ninachodai ni kitu kidogo, tena cha kibiashara. Asipewe mtu kibali cha kubomoa jengo lililo kwenye orodha ya urithi kabla hajaonyesha kibali cha kujenga, michoro kamili badala ya picha ya simu, na fedha zilizoko benki. Na michoro hiyo ibandikwe ukutani pa jengo lenyewe siku 90, mpita njia aione. Siku 90 zilitosha kuwafukuza karibu Waasia wote nchini. Zitatosha kufikiria nyumba moja. Mwekezaji wa kweli hatapoteza kitu. Atakayekimbia ni yule ambaye pesa zake zinakuja.

Nyumba tuliyoonyeshwa na dalali ilikuwa bado imesimama nilipopita juma lililopita. Chini wanauza vipuri vya bodaboda, juu kuna fundi cherehani na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Rafiki yangu alipata stoo kwingine. Jirani na nyumba ile, upande wa kushoto, kuna mabati ya bluu na picha ya ghorofa. Ndani ya mabati mtu kapanda mahindi, na yameshachanua.